Oksijeni Iliyobaki

Mwaka jana nilipeleka gari langu Kizota kubadilisha bushi za mbele, nikakaa kwenye benchi chini ya bati kusubiri. Fundi wa jirani aliwasha injini ya gari dogo lililokuwa limefunguliwa boneti, na harufu ikanifikia kabla ya moshi. Ilikuwa harufu ya petroli mbichi, petroli ambayo haijaungua, yenye ukali unaopanda puani na kuacha mdomoni ladha kama umelamba sarafu. Niliinuka, nikavuka barabara, nikasimama upande wa pili kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda.

Fundi wangu alinifuata. "Dada, vipi?"

"Vumbi," nikamwambia.

Mtu wa umri wangu hawezi kumweleza fundi asiyemjua kwamba anaogopa harufu ya gari linalokunywa petroli kupita kiasi. Lakini ninyi wa rika langu, mliokulia kwenye nyumba ambazo gari lilitengenezwa uani, kati ya kamba ya nguo na banda la kuku, nadhani mtanivumilia.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mashirika yakiuzwa na ofisi zikipunguza watu. Mama alikuwa mtaalamu wa maabara, akipima mawe na maji ya visima. Siku moja alirudi nyumbani saa nne asubuhi, koti lake jeupe likiwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaketi jikoni na kuanza kuchambua mchele kana kwamba ndiyo kazi aliyokuwa ameitiwa. Hakulia mbele yetu. Baba alikuwa dereva wa lori la mizigo la kwenda Burundi. Alikuwa akikaa nyumbani siku tatu, kisha safari inamchukua wiki tatu, na katika moja ya zile siku tatu alituletea gari dogo jeupe, lililotumika Japani kabla ya kufika kwetu Makole, Dodoma. Kwenye kona ya kioo cha mbele kulikuwa na karatasi ya maandishi ya Kijapani. Mdogo wangu Yona, aliyekuwa na miaka mitano, alisema ni majina ya wenye gari wa kwanza, tusiibandue wasije wakaudhika. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilijifanya siamini, lakini sikuibandua.

Yona alikuwa na pumu. Watu wanaolala chumba kimoja na mtoto wa pumu hujifunza kusikiliza wakiwa usingizini. Nilijua mlio wa kifua chake kama wengine wanavyojua mlio wa bawaba za mlango wao. Mlio mwembamba ulikuwa wa kawaida. Mlio ukikatika katikati, nilimwamsha Mama.

Hofu yangu ilianzia njiani, tukitoka Kibakwe kumsalimia bibi mzaa mama. Gari lile lilikuwa na ugonjwa wake. Lilitoa moshi mweusi, likanuka petroli hadi nguo zetu zikanuka pia, na kwenye mlima lilikata pumzi na kuzima. Siku hiyo lilizima mara tatu. Mara ya tatu moshi ulirudi ndani kupitia madirisha, na Yona akaanza kukohoa, kisha akaacha kukohoa, ambalo ni jambo baya zaidi. Midomo yake ikawa rangi ya zambarau. Mama alikuwa akizungusha ufunguo huku akisema kwa sauti ya chini, "Waka, waka, waka," na gari likawa linajibu kwa kwikwi. Tuliokolewa na pikapu iliyobeba maharage. Nilikaa nyuma juu ya magunia, na kupitia kioo kidogo cha kabini ya dereva niliona kisogo cha Mama, na mkono wa Yona ukiwa umening'inia.

Hospitalini walimvalisha kikombe cha plastiki usoni, mpira wake ukitoka kwenye mtungi mrefu wa chuma. Nesi mmoja, mama mnene mwenye sauti ya upole, aliniona nimeukodolea macho.

"Humu ndani mna oksijeni, binti," aliniambia. "Ndiyo hewa anayovuta mdogo wako. Unauona mshale huu? Ukishuka ukafika kwenye nyekundu, njoo uniite. Usisite."

Pengine alitaka tu kunipa kitu cha kufanya nisiendelee kutetemeka. Mimi nilikaa mbele ya ule mshale mchana kutwa. Sikunywa chai waliyonipa kwa kuwa kikombe kingenizuia kuona. Jioni mshale ulifika kwenye nyekundu, nikakimbia koridoni nikipiga kelele, na watu wazima wakakimbia pia, wakavingirisha mtungi mwingine juu ya sakafu kwa haraka ambayo sikuwa nimewahi kuiona kwa watu wenye makoti meupe. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba oksijeni ni kitu kinachohesabika, kinachokwisha, na kikikwisha hata wakubwa hukimbia.

Yona alipona, tukarudi nyumbani. Mama hakulisamehe gari. Alimwita Fundi Salehe kutoka Kizota, kijana mrefu aliyevaa ovaroli lililokatwa mikono, naye akalizunguka gari mara mbili akitikisa kichwa.

"Mama Seche, haya magari ya kompyuta yanawataka Wajapani wenyewe," alisema. "Tutoe mfumo huu wote, tufunge kabureta. Utasahau shida."

"Salehe, mgonjwa akikohoa unamtoa mapafu?"

Salehe alicheka. "Basi mpime kwanza tujue anaumwa nini."

"Ndicho ninachokitaka. Nipe wiki chache."

Mama alimwandikia mdogo wake, Mjomba Elia, aliyekuwa akisomea uhandisi ng'ambo. Baada ya muda mrefu kifurushi kilifika posta. Ndani mlikuwa na barua ya kurasa sita, kitu cha chuma chenye umbo la plagi na mkia mrefu wa nyaya, na kisanduku cheusi chenye kioo kidogo ambacho, kikipewa umeme wa betri, kiliandika namba nyekundu. Mama aliisoma ile barua jikoni, kalamu mkononi, akipigia mistari. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi na mfuko wake wa plastiki kumwona na uso ule, uso wa mtu aliye kazini.

Leo naweza kuwaeleza kile chuma kilikuwa na kazi gani. Kinafungwa kwenye bomba la ekzosi na kunusa moshi unaopita. Kikikuta kwenye moshi oksijeni iliyobaki bila kutumika, kinajua petroli ilikuwa pungufu. Kikikuta petroli ambayo haikupata hewa ya kuiunguza, kinajua ilizidi. Kisanduku kinageuza habari hiyo kuwa namba. Injini ikiwa imetulia, namba njema ni kumi na nne nukta saba, yaani sehemu kumi na nne na kitu za hewa kwa sehemu moja ya petroli. Ikishuka, petroli imezidi. Ikipanda, hewa imezidi. Si zaidi ya hapo.

Lakini siku Salehe alipokuja kuchomelea nati kwenye bomba, mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, na nilichokisikia ni hiki.

"Hii inaitwa sensa ya oksijeni," Mama alisema.

"Inafanyaje?"

"Inapima oksijeni iliyobaki. Namba ikishuka, hewa haitoshi. Ikifika kumi, hali ni mbaya kabisa, maana chini ya kumi haiwezi kusoma tena."

Sensa nilikuwa naijua. Watu wa sensa walishafika nyumbani kwetu na madaftari yao, wakatuhesabu mmoja mmoja, wakaandika namba kwa chaki juu ya mlango. Sensa ni kuhesabu watu wa nyumba. Kwa hiyo sensa ya oksijeni ilikuwa kuhesabu hewa ya nyumba, ile iliyobaki. Mama alikuwa ameona gari likiimaliza hewa ya Yona mlimani, na sasa alikuwa amefunga kipimo cha kujua limebakiza kiasi gani hapa Makole. Haikuniingia akilini kwamba ningeweza kuwa nimekosea. Kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake.

Jumamosi ya kwanza aliwasha gari, akaacha lipate moto, na namba nyekundu zikaamka. Nilichungulia kupitia dirisha la chumba chetu. Kumi nukta nne. Kumi nukta mbili. Kumi.

Mama alisimama pale na bisibisi yake akizitazama zile namba kwa utulivu, wala hakukimbia, wala hakumwita mtu. Nikadhani anajizuia kwa ajili yetu, kama alivyojizuia kulia juu ya mchele.

"Mama anafanya nini?" Yona aliniuliza kitandani.

"Anahesabu."

"Anahesabu nini?"

"Lala."

Kuanzia siku ile nilianza kupunguza kupumua. Nilikuwa nikibana pumzi darasani hadi masikio yavume, nikiamini ninamwachia Yona. Nilimkataza kukimbia. Nilimkataza kuimba. Kuku walipogombana bandani niliwachukia kwa hewa waliyokuwa wakiitumia. Sikumwambia mtu, kwa kuwa nilikuwa nimeona hospitalini kwamba watu wazima wakijua oksijeni imekwisha hukimbia, na nilidhani Mama akianza kukimbia ndiyo mwisho wetu. Niliendelea kutazama tu. Kila Jumamosi namba zilikuwa kumi, kumi na moja, tena kumi, na Mama alikuwa akifungua hiki na kufunga kile, akisafisha, akirudia kusoma barua ya Mjomba Elia.

Mwezi wa saba ukaingia, na wa Dodoma mnaujua upepo wa mwezi wa saba. Unashuka na baridi na vumbi kwa pamoja. Kifua cha Yona kikaanza kulia kila asubuhi. Mama alizoea kuwasha jiko la mkaa nje, makaa yakikolea alilileta chumbani kwetu kwa muda mfupi, mlango na dirisha vikiwa wazi, ili kuvunja baridi, kisha analitoa. Alikuwa mkali sana kwa hilo. "Jiko na mlango uliofungwa havikai chumba kimoja," alikuwa akisema, na mimi nilikuwa nikiitikia bila kusikiliza, kama watoto wanavyoitikia mambo wanayoambiwa kila siku.

Jumamosi hiyo alileta jiko, akamfunika Yona, akaniambia, "Nikikuita unisaidie kulitoa. Niko hapo nje." Alikuwa na haraka. Siku iliyotangulia alikuwa amegundua kitu. Juu ya injini, karibu na kichujio cha hewa, palikuwa na boksi jeusi lenye kilango kidogo kinachofunguka kwa kadiri injini inavyovuta hewa. Ndani yake mlikuwa na springi na gurudumu la meno madogo, na kulikuwa na alama kwamba mtu wa zamani, huko lilikotoka, alishalichokonoa. Gari lilikuwa likidanganywa kwamba linavuta hewa nyingi, ndiyo maana likajimiminia petroli. Dawa ilikuwa kulirudisha lile gurudumu, jino moja baada ya jingine, huku akitazama namba. Alikuwa na furaha kama msichana. Nadhani kama asingekuwa na furaha ile asingelisahau jiko.

Injini iliwaka. Niliangalia dirishani. Kumi.

Halafu upepo uligeuka, ukaleta moshi wa gari moja kwa moja dirishani kwetu, na Yona akakohoa. Akakohoa tena. Nikakumbuka mlima, nikakumbuka mkono wake ulivyoning'inia. Nilifanya nilichokuwa nimekipanga kwa wiki nyingi. Nilifunga dirisha, nikakaza komeo. Nilifunga mlango. Nikachukua kanga mbili za Mama nikazisokomeza chini ya mlango, na shuka langu nikalitia kwenye nyufa za dirisha. Hewa iliyokuwa ndani ingekuwa yetu wawili, gari lisingeifikia.

Kwa muda nilidhani nimeshinda. Chumba kilikuwa na joto zuri. Kikohozi cha Yona kilipungua. Macho yake yakawa mazito, mashavu yakawa mekundu, akasema kichwa kinamuuma, kisha akasema anataka kulala, akalala. Nilikaa kitandani karibu na miguu yake nikijivunia. Kichwa changu pia kilikuwa kikigonga, kama mtu anayepigilia msumari polepole, lakini nilidhani ni woga, kwa kuwa woga nilikuwa naujua.

Nilimtikisa Yona nimwulize kama anataka maji. Hakuamka. Nikamtikisa tena. Kichwa chake kilikwenda upande mmoja kikabaki hukohuko.

Kitu kilichofuata nimekiota mara nyingi kiasi kwamba sijui tena ni kipi kilitokea na kipi ni ndoto. Najua nilisimama kwenda kuitazama namba dirishani. Najua magoti hayakunitii. Nilitaka kumwita Mama, lakini injini ilikuwa ikinguruma na sauti yangu ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya gunia. Nilikuwa nikiamini kabisa kwamba gari limefanikiwa kuingia, kwamba limeinyonya hewa kupitia ukutani. Nilipoufikia mlango nilianguka juu ya ndoo ya bati, nayo ikabingirika hadi ukutani.

Mama aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameizima injini dakika ileile ili asogeze jino la nne. Kulikuwa na kimya uani, na ndani ya kimya kile akasikia ndoo. Angekuwa hajaizima, asingesikia.

Nilisikia mlango ukisukumwa na kugoma. "Seche? Sechelela, fungua." Ukasukumwa tena. Kanga zilikuwa zimekwama vizuri. Mara ya tatu aliupiga kwa bega, nao ukafunguka kwa kuniburuza mimi niliyekuwa nimelala nyuma yake. Niliona miguu yake, nikaona jiko, makaa yake mekundu yametulia kabisa, na nikamsikia akivuta pumzi kwa sauti kama mtu aliyemwagiwa maji. Hakuuliza kitu. Alitubeba wote wawili kwa pamoja, mmoja kila kwapa, akatulaza mchangani nje, akaanza kumpiga Yona mashavuni na kumwita jina.

Yona alifungua macho, akatapika, akayafumba.

Mama alitutia kwenye gari hivyohivyo, boneti akaibamiza bila kulifunika lile boksi jeusi, kifuniko chake kikabaki uani. Mimi niliwekwa kiti cha nyuma na kichwa cha Yona mapajani. Na mbele yetu, kimebandikwa kwa utepe wa gundi juu ya dashibodi, kisanduku kikaandika namba zake nyekundu.

Sijawahi kuogopa vile tena, hata nilipojifungua, hata nilipomzika mtu. Kila Mama alipokanyaga mafuta namba ilishuka. Kumi na tatu. Kumi na mbili na nusu. Alipoachia ilipanda hadi kumi na sita, kumi na nane. Niliona kwamba mguu wa mama yangu ndio unaomwua mdogo wangu na yeye hajui.

"Mama, inashuka!"

"Mshike, usimwache ashuke," alijibu, akidhani nasema juu ya Yona kuteleza kitini.

"Mama, usikanyage. Inashuka, Mama."

"Nyamaza, mwanangu. Mwite jina. Endelea kumwita jina."

Nikamwita. Yona, Yona, Yona, huku macho yangu yakiwa kwenye kioo kile. Kulikuwa na kipande cha mwinuko kabla ya hospitali ambapo gari lile halikuwahi kupita bila kukata pumzi. Mama alikanyaga hadi mwisho. Namba ikashuka hadi kumi na mbili ikakaa hapo, na mimi nikafumba macho, kwa kuwa sikutaka kuiona ikifika kumi. Gari halikuzima. Halikutoa moshi. Lilipanda kwa sauti moja ndefu na laini, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake.

Hospitalini walituchukua wote wawili. Daktari alimtazama Mama akauliza swali moja, "Kulikuwa na jiko ndani?" na Mama akasema, "Ndiyo." Kisha kikombe cha plastiki kikaletwa, na kingine kikaletwa, na cha pili kikavalishwa usoni kwangu.

Nilikivua. Nesi akakirudisha. Nilikivua tena nikakishika kwa mikono yote miwili nisiweze kuvalishwa.

"Mpeni Yona," nilisema.

"Ya kwake anayo, mwanangu. Hii ni yako."

"Nitaimaliza."

Nesi alimtazama Mama. Mama alipiga magoti karibu na kitanda changu. Uso wake ulikuwa na masizi shavuni, na nywele zilikuwa zimefumuka upande mmoja.

"Utaimaliza nini?" aliniuliza taratibu.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mshale, sensa, namba, kubana pumzi darasani, kanga chini ya mlango. Nilisema huku nikilia, na nadhani nusu ya maneno hayakueleweka, lakini alibaki pale magotini hadi nilipomaliza. Hakunigombeza wala hakunibembeleza. Alikichukua kile kikombe kutoka mikononi mwangu, akanivalisha mwenyewe, akakishikilia pale kwa kiganja chake hadi nilipolala.

Siku ya tatu tangu turuhusiwe, Yona akiwa dhaifu lakini akidai wali kwa maharage, Mama alinipeleka uani. Alikuwa amefungua sensa kwenye bomba, imening'inia kwa nyaya zake. Akaunganisha betri, akasubiri ipate moto.

"Hii ilikuwa inanusa moshi wa ndani ya bomba," alisema. "Moshi wa bomba tu. Haijawahi kutupima sisi. Sasa nimeitoa, inanusa hewa ya hapa tunaposimama. Tazama."

Namba zilianza kupanda. Kumi na nne, kumi na saba, ishirini, kisha kioo kikaacha kuandika namba kikaonyesha vistari vitatu tu.

"Imeharibika," nilisema kwa hofu.

"Haijaharibika. Hewa ni nyingi hadi imeshindwa kuisoma."

Ilinichukua muda kuuliza swali lililobaki, kwa kuwa nilishajua jibu lake lilikuwa upande gani.

"Sasa nani aliyeimaliza hewa ya Yona?"

Mama hakuwahi kunidanganya, na sikuona akijaribu. "Moshi wa mkaa ambao hauonekani," alisema. "Chumba kikiwa wazi unatoka. Kikifungwa unabaki."

Hakusema nani alikifunga. Alikunja zile nyaya moja moja.

Baba alirejea Jumatano. Tulisikia lori likishusha pumzi barabarani, na muda mfupi baadaye akaingia uani na begi lake begani, vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Jirani alikuwa ameshamkamata getini. Niliona usoni mwake kwamba amesikia kitu lakini hajasikia chote.

"Shikamoo Baba," nilisema.

"Marahaba." Hakuniangalia. Alimwangalia Mama. "Nasikia watoto nusura wanitoke. Imekuwaje?"

Baba hakuwa mtu wa fimbo. Lakini alikuwa na namna ya kunyamaza ambayo tuliiogopa kuliko fimbo, aliweza kunyamaza siku tatu zake zote za nyumbani kisha akaondoka.

"Niliwasha jiko chumbani, nikalisahau," Mama alisema. "Nilikuwa kwenye gari."

Alisema hivyo tu, bila kunitupia jicho. Nilimwona Baba akilitazama gari, kisha akimtazama Mama. Nilijua nikinyamaza, jambo hili litakuwa la Mama peke yake na litakaa juu yake miaka yote. Nilijua pia kwamba anataka ninyamaze.

"Mlango niliufunga mimi, Baba," nilisema. "Na dirisha. Nikaziba kwa kanga."

Kuku walikuwa wakichakura pembeni. Baba aliweka begi chini. Alitutazama, Mama kisha mimi, kisha Mama tena, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Kumbe mko wawili mnaogombea kosa moja," alisema mwishowe.

Kisha akavua viatu mlangoni, akaingia ndani kumwona Yona.